Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Uhuru wa Mja

Sisi tuko Mwiki, mahali palipo baina ya Kasarani na Ruiru, si mbali na barabara iendayo Thika. Huku wako watu wa Mombasa, wa Lamu, wa Malindi na wa Vanga, waliopanda bara kutafuta riziki, wakapanga vyumba, wakaoa, wakazaa. Na watoto wao wasema Kiswahili cha huku, wala hawajui kusi ni upepo gani na kaskazi ni upepo gani. Nasi tu miongoni mwao.

Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, kijana mmoja katika darasa letu aliuliza masuali mawili. La kwanza, alisema ya kuwa hapa Mwiki yeye huitwa mtu wa pwani, na akenda Mombasa kwa jamaa za babake huitwa mtu wa bara. Basi mtu asiyekuwa na kwao ashike nini? La pili, alisema ya kuwa wenzake kazini humwona kama mfungwa: chakula hiki hali, kinywaji kile hanywi, na saa ya sala ikifika huacha alichonacho mkononi akaenda zake, vipi basi sisi twasema ya kuwa dini humpa mtu uhuru? Baadhi yetu walitaka kumkemea. Lakini masuali yale yalikuwa ya kweli, na mwenye kutafuta ukweli hakemewi. Tukaona ya kuwa jawabu iliyo bora si hotuba, bali ni maisha ya mtu. Na mtu tuliyemchagua ni Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jina la Sheikh huyu lajulikana pwani nzima. Lakini wengi wamjua kwa ukadhi wake tu, wala hawakumbuki ya kuwa yeye naye alikuwa mtoto wa ukoo wa wahamiaji, na ya kuwa uhuru alioupata hakuurithi kwa wazee wake kama mtu arithivyo shamba.

Asili ya Mazrui ni Omani. Mwaka 1698, baada ya mazingira ya karibu miaka mitatu, Waarabu wa Omani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa. Wareno walirudi kwa muda mchache mwaka 1728, wakatolewa tena mwaka uliofuata, na katika miaka iliyoandama ndipo watu wa kabila la Mazrui walipoanza kuwekwa kuwa maliwali wa mji kwa niaba ya wafalme wa Kiyaarubi. Basi walikuja Mombasa wakiwa wageni, kwa amri ya mfalme aliye mbali. Ilipofika miaka ya 1740 ufalme wa Omani ukaingia mikononi mwa Mabusaidi, na Mazrui wakakataa kuwatii. Liwali Muhammad bin Uthman akauawa mwaka 1746, na nduguye Ali bin Uthman akairudisha Ngome kwa msaada wa wenyeji. Tangu hapo Mazrui hawakutawala kwa nguvu ya Omani, bali kwa kukubaliana na Thenashara Taifa, wenye mji wao. Wakaoa kwao, wakasema lugha yao, wakazika wafu wao katika ardhi yao. Mgeni akawa mwenyeji.

Utawala huo ulidumu karibu miaka mia, nao ukaisha kama zilivyo tawala zote. Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan aliitwaa Mombasa. Wakuu wengi wa Mazrui walikamatwa kwa hila, wakatiwa marikebuni, wakapelekwa Bandar Abbas katika pwani ya Ajemi, wala hawakurudi. Waliosalia wakatawanyika, wengine wakenda Gazi upande wa kusini, wengine Takaungu upande wa kaskazini. Waliokuwa wenye Ngome wakawa wahamiaji mara ya pili.

Hapa yatupasa tuseme jambo moja bila ya kuficha, kwani historia ifichwayo haina mafunzo. Nyumba zile zilizolia kwa kupotewa na uhuru wao zilikuwa na watumwa katika mashamba yao. Katika miji yetu ya pwani mtu aliyezaliwa huru aliitwa muungwana, na asiyezaliwa hivyo hakuitwa hivyo, hata akiwa na adabu na ucha Mungu kuliko wote. Hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria ya pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Kwa hivyo twaposema uhuru, tusidhani ya kuwa twasema uhuru wa kabila kuwatawala wengine. Huo Mazrui waliupata, na ukawatoka.

Sasa twaja kwa babake Sheikh, naye ni Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1825. Alikuwa kijana mdogo Ngome ilipoanguka. Alikwenda Makka akasoma kwa wanazuoni wa huko, akarudi Mombasa akiwa mwanachuoni mkubwa. Jamaa zake walikuja kutoka Omani wakiwa katika madhehebu ya Ibadhi, lakini kwa kukaa na watu wa pwani, na kwa kusoma, yeye na wengi wa jamaa zake wakafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Hatuandiki haya ili kutia fitina baina yetu na ndugu zetu Maibadhi, ambao ni Waislamu kama sisi, twaelekea nao kibla kimoja. Twaandika ili msomaji aone thamani ya jambo. Kwani Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870, hakupendezwa na mwanachuoni wa ukoo wa Mazrui aliyeacha madhehebu ya dola tena akayajadili waziwazi. Sheikh Ali akafungwa Unguja, naye ni mtu mzima, wala hakutoka ila baada ya Seyyid Barghash kufariki mwaka 1888.

Ewe msomaji, zingatia mambo haya mawili. Wakubwa wa Mazrui walifungwa mwaka 1837 kwa ajili ya Ngome, na Sheikh Ali akafungwa miaka hamsini baadaye kwa ajili ya itikadi. Wale walipotolewa katika Ngome hawakubakiwa na kitu. Huyu alipotiwa ndani alibaki na kila kitu alichokuwa nacho, kwa kuwa alichokuwa nacho kilikuwa moyoni mwake, na kufuli ya sultani haifiki huko.

Miaka mitatu hivi baada ya kufunguliwa, tarehe 27 Januari 1891, alipata mtoto mwanamume huko Mombasa, akamwita Al-Amin. Hakujaaliwa kumlea. Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, na mtoto hajatimiza miaka minne. Yatima yule akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye ni mwanachuoni, akamsomesha na kumtia adabu. Alipokua alikuwa akisafiri kwenda Unguja kusoma kwa mabingwa wawili wa zama zile, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Kwa hivyo Sheikh Al-Amin hakuwa mtu wa kuokota elimu njiani. Alikaa mbele ya masheikh, akapiga magoti, akasoma vitabu kwa utaratibu wa wazee wetu.

Na zama zake hazikuwa zama za raha. Alipokuwa mtoto wa miaka minne, mwaka 1895, pwani iliwekwa chini ya himaya ya Mwingereza, na Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi akashika silaha kupigana. Vita vile vilikwisha mwaka 1896 kwa Mbaruk kukimbilia upande wa Wajerumani, naye akafia Dar es Salaam mwaka 1910, mbali na kwao. Basi mtoto yule alikua akiona njia zote za zamani zimefungwa. Ngome imekuwa jela ya Mwingereza. Upanga umevunjika. Biashara imo mikononi mwa wengine, na mashamba yauzwa moja moja. Watu wa mji wakashika kilichobaki, nacho ni nasaba: huyu ni mtoto wa fulani, na yule ni mtoto wa fulani, na arusi za fahari, na matanga ya gharama, na mashindano ya ngoma, mpaka mtu akaweka nyumba rehani ili asemwe vizuri siku moja.

Katika hali hiyo Sheikh alikuwa akisoma yaliyoandikwa Misri. Jarida la Al-Manar, lililoasisiwa na Sayyid Rashid Rida mwaka 1898, lilimfikia Mombasa, na kwa njia hiyo akajua fikra za Sheikh Muhammad Abduh na za Sayyid Jamaluddin al-Afghani. Wanazuoni hao walifundisha ya kuwa unyonge wa Waislamu hautokani na dini yao, bali watokana na kuiacha. Na ya kuwa Mwislamu amepewa akili ili aitumie, wala hapaswi kufuata jambo kwa sababu tu kwamba amewakuta wazee wakilifanya. Hiyo ndiyo iitwayo taklidi, nayo ni kamba ifungayo akili. Sheikh alifahamu ya kuwa kamba hii ilikuwa imewafunga watu wa pwani kabla ya Mwingereza kufika.

Hapa ndipo tulipopata jawabu ya suali la pili la kijana wetu. Mtu amwogopaye sultani ni mtumwa wa sultani. Amwogopaye jirani atasema nini ni mtumwa wa jirani. Aombaye kaburi ni mtumwa wa aliyekufa, naye aliyekufa hana habari naye. Aigaye kila afanyacho Mzungu ni mtumwa wa Mzungu, hata akiwa hana deni lake. Anayejua ya kuwa ana Mola mmoja tu, na mbele yake Yeye tu atasimama kuhesabiwa, huyo kamba zote hizo zimemwangukia. Uja wake kwa Mungu ndio uungwana wake. Na uungwana huu hauulizi mtu alizaliwa na nani.

Sheikh hakuweka fahamu hiyo katika kitabu cha Kiarabu kisomwe na wachache. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo kwa lugha ya Kiswahili, ambalo leo huhesabiwa kuwa ndilo gazeti la kwanza la Kiislamu kwa lugha hii. Kisha mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Ndani yake aliwaambia watu mambo yasiyopendeza kusikiwa: ya kuwa wakiuza ardhi watabaki wageni katika mji wao wenyewe, ya kuwa uvivu na ulevi na mashindano ya fahari vyawamaliza, ya kuwa elimu ya dunia si adui wa dini, na watoto wasomeshwe zote mbili, ya kuwa watoto wa kike nao wana haki ya kusoma, ya kuwa kuchukua elimu ya Wazungu ni jambo moja, na kuchukua mavazi yao na tabia zao na kudharau lugha yako ni jambo jingine. Alikataza pia bidaa katika mambo ya makaburi na mazishi. Kwa hayo alitofautiana na wengi, na miongoni mwao wako watu wema na wanazuoni aliowaheshimu. Ni jambo zito mtu kutofautiana na adui. Lakini lililo zito zaidi ni kutofautiana na wale aliokula nao na kusoma nao. Sheikh alilichukua zito hilo bila ya kuwavunjia watu heshima zao.

Mwaka ule ule wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika darasa letu hapa palizuka mjadala mkali. Wengine walisema: vipi mtu huru akubali kazi katika serikali ya mkoloni? Wengine wakajibu ya kuwa mahakama ya kadhi ilikuwa ndiyo mahali pa mwisho ambapo Mwislamu wa pwani alihukumiwa kwa sheria yake, katika ndoa, talaka na mirathi, na kuiacha tupu ni kuwaacha wajane na mayatima bila ya mtetezi. Naye Sheikh alijua uyatima. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimesema kweli. Kazi ile ilikuwa faradhi mtu aichukue, nayo ilikuwa na gharama, kwani gazeti la Al-Islah halikudumu baada ya hapo. Uhuru wa mja haumwondolei mizigo. Humpa nguvu ya kuchagua mzigo upi abebe, na ya kutomlalamikia mtu kwa uzito wake. Na maneno ya Sahifa hayakupotea. Mwaka 1944 yalikusanywa yakatolewa kitabu, nacho ni Uwongozi, kilichosomwa na vizazi baada yake. Na mwaka 2017 kilitolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Katika miaka yake ya mwisho Sheikh alikuwa na kazi mbili kubwa juu ya meza yake. Moja ni tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo, ili mtu asiyejua Kiarabu afahamu asomacho. Ya pili ni kitabu cha Kiarabu cha historia ya Mazrui: kutoka kwao Omani, kutawala kwao Mombasa, na kuanguka kwao. Tafsiri hatuna haja ya kuuliza kwa nini aliiandika. Lakini historia ya ukoo? Mtu aliyewakataza watu kujifakhiri kwa nasaba, vipi akae kuandika nasaba yake?

Twafahamu hivi. Kujifakhiri kwa wazee ni jambo moja, na kuwajua ni jambo jingine. Ajifakhiriye hutaka hadithi ambayo ndani yake wazee wake hawakukosea kamwe, na hadithi hiyo humfunga, kwa kuwa lazima ailinde usiku na mchana. Ajuaye husimulia kushinda na kushindwa, husimulia ugomvi wa ndugu kwa ndugu, kisha hupata mafunzo akaendelea na safari. Kadhi ambaye kazi yake ilikuwa kupima ushahidi aliupima na ushahidi wa nyumba yake. Kitabu kile hakukimaliza. Kilibaki kwa mkono miaka mingi, kikatolewa kwa Kiarabu na kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995.

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa tarehe 1 Aprili 1947, naye ana umri wa miaka 56. Hakuacha ngome wala jeshi. Aliacha wanafunzi na vitabu vidogo ambavyo bei yake haikumshinda mchukuzi. Miongoni mwa waliofuata njia yake ni Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu 1963 hata 1968, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyemfuata katika ukadhi huo, na ambaye mwaka 1969 alitoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili. Aliacha pia watoto, na mmoja wao, Ali, aliyekuwa na miaka 14 siku ile, alikuja kuwa Profesa Ali Mazrui ajulikanaye duniani. Huyo naye alihama: akasoma Uingereza, akafundisha Makerere, akaishi Marekani miaka mingi, na alipofariki huko mwaka 2014 akarudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya jamaa zake. Ukoo uliokuja kwa jahazi ukaenda kwa ndege.

Sasa twarudi kwa kijana wetu wa Mwiki na suali lake la kwanza. Alitaka kujua mtu asiyekuwa na kwao ashike nini. Tulimwambia ya kuwa hata Mazrui, ambao leo hakuna awezaye kuwataja bila ya kuitaja Mombasa, walikuja wakiwa wageni. Na ya kuwa walipokuwa na ngome waliipoteza, na walipokuwa na fahari iliwapita, bali kilichobaki mikononi mwao ni kile ambacho Sheikh Ali aliingia nacho jela akatoka nacho, na ambacho mwanawe aliwagawia watu bila ya kukipunguza. Tukamwambia pia ya kuwa asione haya kuuliza khabari za babu yake: alitoka wapi, alikuja kwa sababu gani, alitenda lipi jema na lipi baya. Ayaandike. Mtoto ajuaye safari ya wazee wake hababaiki akiitwa mgeni.

Kijana yule hakujibu kitu usiku ule. Wiki iliyofuata alikuja na daftari, na ndani yake ameandika majina ya wazee wake mpaka wa tano, upande wa baba na upande wa mama. Alituonyesha jina moja katika upande wa mama. Lilikuwa jina la mtu aliyeletwa pwani kwa nguvu, akauzwa, wala hakuna ajuaye kabila lake la kwanza. Alisema ya kuwa nyumbani kwao jina lile halikuwa likitajwa, naye alilipata kwa nyanya yake kwa simu, baada ya kumbembeleza sana. Aliuliza kama yafaa kuliandika pamoja na mengine. Tukamwambia aliandike, na kwa wino ule ule.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin na babake na walimu wake, na awarehemu pia wale ambao majina yao hayakuandikwa na mtu, kwani kwake Yeye yameandikwa. Na atujaalie sisi, wa pwani na wa bara, tuwe waja wake Yeye peke yake. Amin.